Foto ya Chumba cha Giza: Nani Alisema Si Mila Yetu?

Katika mkutano wa kutayarisha kitabu hiki tulileta neno moja, likakataliwa kabla hatujamaliza kulisema. Tuliomba kurasa chache juu ya kazi ya foto. Si foto ya telefoni, bali ile ya filimu nyeusi na nyeupe, ambayo mafotografu wetu walikuwa wanaipiga kwa apareyi za zamani na kuisafisha wenyewe nyumbani, usiku, ndani ya chumba chenye giza. Mmoja wa wakubwa wetu, mtu tunayemheshimu, akainua mkono: «Mwalimu, ile ni mambo ya wazungu. Hapa tunasema juu ya mila. Foto haiko mila.» Watu wakacheka kidogo, tukapita kwenye ngoma na mitumbwi.

Baadaye tulipewa ruhusa ya kuandika, kwa sharti tusichokoze watu. Sharti hilo tutajaribu kulishika, lakini hatuahidi.

Kama mila ni kitu ambacho hakikutoka ng'ambo, basi kitabu hiki kitakuwa chembamba sana. Mpunga, ambao Maniema inajisifu nao, uliletwa huku na watu wa pwani na waungwana wao katika karne ya 19. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini kwa merikebu za Wareno, na leo mtu asiyekula sombe tunamwangalia kama mgonjwa. Na Kiswahili hiki, ambacho mkubwa wetu alikitumia kutukatalia, kilikuja na misafara iliyotoka Zanzibar na Unyamwezi, kikapita Nyangwe na Kasongo, kikateremka na Lualaba mpaka hapa kwetu, wakati Lokandu ikiitwa bado Riba-Riba. Sahani ya wali, sombe pembeni, na maneno ya kumkaribisha mgeni: vyote vitatu vilitoka mbali. Hakuna anayesimama mkutanoni kusema «haiko mila».

Foto ilitangazwa Paris mwaka 1839, miaka mingi kabla Tippu Tip hajakaa Kasongo. Nayo haikukawia kuingia mikononi mwa watu weusi katika Kongo yenyewe. Kule Boma, mwishoni mwa karne ile, kulikuwa na Herzekiah Andrew Shanu, mzaliwa wa Lagos, karani, mfanyabiashara na fotografu. Alisaidia kupeleka nje habari za ukatili wa utawala wa Leopold wa Pili, akaandamwa na wakubwa wa Boma mpaka biashara yake ikafa, akajiua mwaka 1905. Mwaka ule ule Mark Twain alitoa kitabu kidogo ambamo anamfanya mfalme huyo ailalamikie Kodak, kwa sababu mashahidi wengine alijua namna ya kuwanyamazisha, ile hakuiweza. Basi tusiambiwe kwamba apareyi ilikuwa daima chombo cha mkoloni. Ilimtumikia, ndiyo, na pia ilimchongea.

Kisha yuko Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, aliyezunguka Kasai na apareyi ya sanduku aliyoitengeneza mwenyewe. Kuna foto ya mwaka 1939 inayomwonyesha kazini Bena Mulumba, watu wamemzunguka. Masanduku ya namna ile yalibeba chumba kizima cha giza ndani yake: karatasi, vyombo viwili vya dawa, na tundu la kupitishia mkono. Fotografu anapiga, anasafisha karatasi humo humo bila kuona, inatoka sura ambayo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe. Hiyo karatasi anaiweka mbele ya sanduku na kuipiga foto tena, njo inatoka sura ya mtu kama alivyo. Mtu aliyetengeneza kitu kama hicho kwa mbao na msumeno, tumwite nani kama si fundi? Mhunzi alipewa kurasa 6 katika kitabu hiki. Tulizihesabu.

Lakini hoja yetu kubwa si ya Boma wala ya Kasai. Kwetu Lokandu kulikuwa na mzee fotografu. Hatutaandika jina lake kwa sababu watoto wake wako hai, na tunayoyasema mbele hayatawafurahisha. Alifundishwa kazi na fotografu mmoja wa Kindu, na huyo alifundishwa Stanleyville kabla ya uhuru. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kugusa apareyi. Alichota maji, alipangusa mabeseni, alishika taa. Mwaka wa pili alisafisha filimu za watu wasio na haraka. Mwaka wa tatu njo alipewa kupiga. Msomaji alinganishe mwenyewe na namna mtoto wa Mgenya anavyofundishwa mto: kwanza kutoa maji ndani ya mtumbwi, kasia baadaye.

Tulipokuwa wadogo tuliingia chumba kile mara nyingi, kwa sababu mzee alihitaji mtu wa kuhesabu kwa sauti. Saa yenye mishale inayong'aa hakuwa nayo. Dirisha liliziba kwa blanketi, na chini ya mlango aliweka gunia lililoloweshwa. Apareyi yake ilikuwa Yashica ya macho mawili, ile ya kuangalia kwa juu kichwa kimeinama, na filimu yake ya foto 12 tu, kila moja sentimita 6 kwa 6. Kumi na mbili! Leo mtoto anapiga foto 12 za mguu wake kabla ya kunywa chai. Mzee alikuwa akikupanga, akikurekebisha kola, akikuambia usipumue, kisha akipiga mara moja.

Filimu haitaki taa yoyote, hata nyekundu. Gizani kabisa aliifungua, akashika ncha zake mbili, akaipitisha ndani ya beseni la dawa ya kwanza, mkono huu juu, mkono huu chini, kama mtu anayevuta kamba ya kisima, bila kusimama. Sisi tunahesabu. Na hapa njo palikuwa elimu ambayo haikuandikwa kwenye pakiti. Pakiti za Kodak zilitungwa kwa maji ya digrii 20. Nani aliona maji ya digrii 20 Lokandu? Maji yetu yana 25, 26, na zaidi. Dawa iliyoandikiwa dakika 8 kwa digrii 20 inamaliza kazi karibu dakika 5 kwa digrii 26, na ukichelewa filimu inakuwa nyeusi kama makaa. Maji yakizidi joto, ile ngozi nyororo inayobeba sura, ya jelatini, inavimba, inakunjamana, mwisho inabanduka na sura ya mtu inaelea ndani ya beseni. Mzee hakusoma kemia. Alijua kuweka maji usiku kucha katika mtungi wa udongo, kwa sababu mtungi unatoa jasho na maji yanapoa. Alijua kuipunguza nguvu dawa ili apate muda mrefu zaidi. Alijua kutia shabu katika dawa ya pili, ile ya kushika sura, ili ngozi ile ikaze. Miaka mingi baadaye, kwenye benchi la ISP Kindu, tulifundishwa kwamba alumu inakaza jelatini. Tulicheka peke yetu. Tulikuwa tumekwisha kulijua kutoka kwa mtu aliyeacha masomo darasa la nne.

Halafu kuosha. Foto nyingi za zamani mnazoziona zimegeuka rangi ya chai, kosa ni la maji: fotografu alikuwa na haraka, dawa ya kushika ikabaki ndani ya karatasi, ikaila polepole. Za mzee wetu, zile zilizobaki, ni nyeusi na nyeupe mpaka leo. Alibadilisha maji mara 10 na zaidi, na ni sisi tuliotumwa mtoni kwa ndoo. Ya kuchota tuliyasahau. Ya taa nyekundu hatukuyasahau: karatasi nyeupe ndani ya beseni, hakuna kitu, hakuna kitu, kisha macho yanatangulia, na nyusi, na mtu mzima anafika. Tumefundisha zaidi ya miaka 15 na hatujapata somo linalonyamazisha watoto namna ile.

Sasa tuseme kwa nini tunakasirika.

Baba yetu alikuwa askari wa kambi ya Lokandu. Mwaka 1997, jeshi la AFDL lilipokuwa linakaribia Kindu, mama alikusanya foto zote ambazo baba alivaa nguo ya jeshi la Zaire, akazichoma jikoni. Hatumlaumu. Watu walikuwa wanauawa kwa kitu kidogo kuliko foto. Mwaka 1998 vita ya pili ikaja, Kindu ikachukuliwa mwezi wa kumi, tukaingia msituni kama wengine, na baba akafia huko mwaka 1999 kwa malaria. Tulirudi bila sura yake hata moja. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miaka mitatu baba alipokufa. Alikuwa anatuuliza kama baba alifanana na nani, na kila mmoja wetu alijibu tofauti, na mwishoni tuligundua kwamba sisi wenyewe tumeanza kusahau.

Mwaka 2004 mama alimwendea mzee fotografu. Mzee hakusema neno, alitoa mikebe ya maziwa ya unga. Ndani, negatifu zimekatwa tatu tatu, zimefungwa kwa karatasi za daftari, na kila karatasi ina mwaka na neno moja: «harusi», «kambi», «ekaristi», «maiti». Wakati wa vita mikebe ile ilikaa chini ya udongo, imezibwa kwa nta. Alitafuta siku mbili. Karatasi ya foto aliyokuwa nayo ilikuwa ya boksi la mwisho, imezeeka, pembeni imepata ukungu wa kijivu. Alilaza negatifu juu ya karatasi, kioo juu yake, akawasha tochi, tukahesabu mpaka 4, akazima. Hakuna umeme, hakuna mashine. Baba akatoka ndani ya beseni na bereti yake, sentimita 6 kwa 6. Mdogo wetu akauliza: «Huyu njo baba?» Mama hakuweza kujibu.

Kwa hiyo mtu anaposimama mkutanoni kusema foto si mila, tunataka atuambie ni mila gani nyingine ya Lokandu iliyoweza kuturudishia baba.

Vijana nao wana jibu lao: «Leo kila mutu iko na telefoni, ile mambo ya dawa ni ya nini tena?» Jibu hili lina akili kuliko la wakubwa, kwa hiyo tulijibu kwa uangalifu. Ni kweli, foto ya telefoni ni ya bure na ni ya haraka, na sisi pia tunaipiga. Ni kweli tena kwamba biashara ya foto ndogo za kadi, ambayo iliwalisha mafotografu wote, ilipata pigo mwaka 2005, walipokuja waandikishaji wa uchaguzi na apareyi za kompyuta, wakapiga foto na kutoa kadi papo hapo mpaka vijijini. Mzee aliliona na akasema kazi yake imezikwa. Hatuombi ifufuke kama biashara. Lakini mnionyeshe foto za telefoni mlizopiga mwaka 2012. Telefoni iliibiwa, ilianguka mtoni, kadi ya kumbukumbu iliungua, yule aliyetumiwa alizifuta kupata nafasi. Na kadi ambazo tumepewa miaka ya juzi, za kutolewa kwa mashine, tunazo mfukoni ambazo sura imekwisha kufutika, limebaki jina na kivuli. Negatifu ya baba ilikaa chini ya udongo miaka ya vita, na ilihitaji tochi moja tu.

Kuna jambo la tatu, nalo ni la aibu zaidi. Sura za Maniema za wakati wa ukoloni zipo. Ziko Tervuren, Ubelgiji, ndani ya makabati ya jumba la makumbusho, na nyingi zilipigwa kwa kazi ya Congopresse, ofisi ya habari ya serikali ya kikoloni. Mkongo mmoja, Joseph Makula, alifika kuwa fotografu wa ofisi hiyo katika miaka ya 1950, lakini aliyeamua nini kipigwe na wapi kipelekwe hakuwa Mkongo. Anayetaka kuona mababu zake aombe viza. Foto za chumba cha giza za kwetu zilikuwa kinyume chake: mtu wa hapa alipiga, alisafisha kwa maji ya hapa, negatifu ikalala hapa. Kinshasa wanamjua Jean Depara, aliyenunua apareyi ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apige foto za harusi yake, kisha akawa fotografu wa Franco na wa usiku wote wa mji ule. Wanaijua Studio 3Z ya Ambroise Ngaimoko, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wanawajua kwa sababu negatifu zao hazikutupwa. Lubumbashi, Sammy Baloji alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akazipandikiza juu ya foto za viwanda vilivyokufa, na mwaka 2006 dunia ikaja kutazama. Angefanya nini kama kila mkebe ungetupwa shimoni?

Kwetu tulifanya nini? Mzee alipokufa, mgeni mmoja aliyekusanya vitu vya zamani alipita, akanunua Yashica kwa dola. Alifurahi sana, akaipangusa kwa kitambaa maalumu. Mikebe hakuitaka. Watoto wa mzee waliona kilichokuwa na bei kimekwisha kuuzwa, wakamwaga mikebe 9 nyuma ya nyumba ili wabaki na mikebe yenyewe kwa kuwekea chumvi na mafuta. Wajukuu walikata negatifu wakatengeneza miwani. Tulifika tumechelewa wiki tatu. Tuliokoa mikebe 2 ambayo haikuwa imefunguliwa. Na sisi si wasafi: tulikuwa tumeahidi kuja likizo iliyotangulia, tukaenda kusahihisha mitihani ya serikali kwa sababu ililipa. Tulikwenda kuomba rafu moja katika nyumba ya shirika, mahali pakavu, tukaambiwa pamejaa. Pamejaa viti vya plastiki.

Wanaotuambia kwamba hata tukitaka kazi hii haiwezekani tena, wamesema nusu ya kweli. Filimu bado inatengenezwa, kwa Ilford Uingereza na kwa Foma katika Jamhuri ya Cheki, na Kodak nayo, iliyoanguka kwa madeni mwaka 2012, haijaacha. Kindu hatukuiona sokoni. Inabidi kuagiza kwa msafiri, na ni ghali. Lakini dawa ya kwanza si lazima itoke kiwandani. Mwaka 1995, mwalimu mmoja wa kemia na wanafunzi wake katika chuo cha Rochester, Marekani, mji ule ule wa Kodak, walionyesha kwamba kahawa iliyochanganywa na soda ya kufulia inasafisha filimu. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, kazi ikawa nzuri zaidi. Asidi zilizomo ndani ya kahawa njo zinazofanya kazi, soda inaziamsha. Msomaji akumbuke kahawa ya robusta ilipata jina lake Ubelgiji karibu mwaka 1900, kwa miche iliyotolewa Lomami, mto jirani yetu. Walichukua kahawa, sasa wanatufundisha kuitumia! Sawa, tutajifunza.

Mwaka jana tulijaribu na wanafunzi wa mwaka wa tano: kahawa ya kuchemsha iliyokolea, soda, vidonge vya vitamini C vya famasi vilivyotwangwa, na kipande cha filimu tulichopewa na padri mmoja. Harufu ilikuwa mbaya, kama ya samaki aliyesahauliwa, na msimamizi wa nidhamu alikuja kuuliza nani amekufa. Vipande viwili vilitoka vyeusi kabisa. Cha tatu kilikuwa na mti wa mwembe na wasichana wanne chini yake, hafifu, lakini wanahesabika. Dawa ya kushika hatukuwa nayo, tukatumia maji ya chumvi kali kwa siku nzima. Yanashika vibaya, tunakiri. Kwa pakiti moja ya hiposulfiti tungefanya vizuri.

Kwa hiyo hatuombi mengi, na hatuombi kwa sauti ndogo. Shirika likubali negatifu za watu wa Lokandu, Kindu na Kailo kama linavyokubali ngoma na mikuki. Kila familia iliyozaa fotografu itazame juu ya dari kabla ya kuuza chochote. Wazee wawili watatu waliojua kazi ile na ambao bado wanapumua waitwe wakati mnaita wapiga ngoma, waeleze dawa zao na hesabu zao, tuandike. Na viti vya plastiki vipangwe juu ya vingine, vinapangika.

Mikebe 2 tuliyookoa iko nyumbani kwetu juu ya kabati, mbali na moshi. Wa kwanza tuliufungua, tukatambua sura kama 30 kwa msaada wa mama, ambaye anajua harusi zote. Wa pili tulipofungua kifuniko ulitunuka siki. Filimu ya zamani ikishindwa na joto na unyevu njo inatoa harufu hiyo, na iliyoanza kuoza inaozesha jirani yake. Tumetenganisha vipande, tumevianika kivulini, vimeanza kujikunja pembeni. Karatasi zake nyingi zimeandikwa «kambi», miaka ya 1974 mpaka 1981. Mwenye baba au babu aliyekaa kambi ya Lokandu miaka hiyo aje Jumamosi yoyote baada ya saa nane, na asichelewe mpaka masika.